Mshindi wa Kwanza: Hakuna

Mimi naitwa Sutinah. Basi. Sina jina la pili na sijawahi kulihitaji. Marehemu baba alilima muhogo huku kwetu kwa Wajawa, kwenye vilima vya chokaa, watoto tulikuwa tisa, na majina alitugawia kama alivyotugawia tempe ya soya: kila mtu kipande kimoja, na asiangalie sahani ya mwenzake. Kwa jina hilo hilo moja niliolewa, nikaajiriwa, nikafundisha darasa la sita la Shule ya Msingi Watubolong miaka ishirini na minne bila mtu kuniuliza lililobaki liko wapi. Aliyekuja kuniuliza ni simu.

Yote yaliletwa na mwalimu mkuu mpya, Pak Hendarto, aliyehamia kwetu mwezi wa kwanza na begi moja la nguo na mawili ya nyaya. Kikao chake cha kwanza na walimu, chai haijapoa, akatangaza kwamba mtoto wa siku hizi hujifunza kwa kucheza. Alikuwa ameona kwenye mafunzo darasa zima likijibu maswali kwa simu, muziki unapigwa, majina ya watoto yanapanda ukutani kadiri wanavyopata. Nikamuuliza kama majina hayo huwa yanashuka pia. Akasema ndiyo, yanashuka. Nikasema basi ni daftari langu la alama lile lile, ila limeongezewa kelele. Walimu wakacheka, na hapo ndipo nilipokosea, maana bosi mgeni husamehe yote isipokuwa kuchekwa kwenye kikao cha kwanza.

Baada ya wiki mbili akaniita ofisini, akafunga mlango, akanivutia kiti yeye mwenyewe.

"Bu Sutinah," akasema, "nakuomba radhi elfu moja, na nasema haya kwa heshima zote."

Sisi Wajawa, mtu akianza hivyo, shika sana kiti ulichokalia. Akaeleza kwamba mwezi wa nne ofisi ya elimu ya tarafa itaendesha shindano la chemsha bongo kwa simu, madarasa ya sita ya shule kumi na nane, yote kwa wakati mmoja. Kama hata mwanafunzi wangu mmoja hataingia tatu bora, basi mwezi wa saba darasa la sita litachukuliwa na Pak Galih, kijana anayejua mambo haya, nami nitapewa darasa la kwanza, kwa kuwa Bu Lastri wa darasa la kwanza anastaafu.

Niseme wazi, niliogopa. Darasa la sita ndilo lililonifanya mtu. Mkuu wa kijiji alipita kwangu, polisi wa njia panda alipita kwangu, hata muuza tofu anayepunja mizani alipita kwangu na hesabu nilimfundisha mwenyewe. Sikukuu ya Idi ikifika, msururu wa watu wanaokuja kunibusu mkono hufika hadi zizi la jirani, na mkuu wa kijiji akiuona huwa anatazama pembeni. Darasa la kwanza je? Makamasi na kamba za viatu. Hicho ni kiburi, najua, lakini kilikuwa changu na nilikuwa nimekizoea.

Jioni ile ile Galih akaja nyumbani na pakiti ya ndizi za kukaanga, akaapa kwamba hajaomba darasa langu. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa mwekundu hadi masikioni, na kwa sababu mtu mwenye njama hali ndizi nyingi kuliko anazomwachia mwenyeji. Akajitolea kunifundisha mchezo wenyewe. Nikakubali, kwa sharti kwamba asiniite "bibi" na asinishike kidole kukipeleka kwenye kioo.

Tukakwama hatua ya kwanza kabisa. Fomu ya kujiandikisha ilitaka jina la kwanza na jina la mwisho. Jina la kwanza nikaandika Sutinah. La mwisho nikaliacha wazi. Fomu ikageuka nyekundu, ikasema sehemu hii lazima ijazwe. Nikaiacha wazi tena, ikawa nyekundu tena. Galih akasema watu wa jina moja wengi hulirudia, wanaandika Sutinah Sutinah, mashine inaridhika.

"Mimi si mwangwi," nikamwambia.

"Basi Bu, andika nukta."

"Nukta ni jina la nani?"

Miaka ishirini na minne nimewaambia watoto kwamba swali la fomu hujibiwa kwa ukweli. Imeuliza jina langu la mwisho, na jibu la kweli lipo. Nikaandika Hakuna. Fomu ikawa kijani, ikanikaribisha kwa furaha: Karibu, Mwalimu Hakuna. Galih akachukua ndizi nyingine.

Kesho yake nikawaandikisha wanafunzi wangu kumi na wanne. Wazazi wa siku hizi wamejirekebisha, wanawapa watoto majina marefu kuliko ukoo wenyewe. Ninaye Rafandra Keanu Wibawa, ambaye baba yake anauza nyasi za ng'ombe. Mwenye jina moja darasani alikuwa mmoja tu, Poniyem, aliyepewa jina hilo na babu yake kwa sababu alizaliwa siku ya Pon, moja ya siku tano za soko katika kalenda yetu, na mzee huona habari za mtoto zimeishia hapo. Ni jina la bibi kizee. Wenzake walikuwa wakimuuliza kama ameshatafuna tambuu leo, na kila akiulizwa jina na mgeni alikuwa akilitaja kwa chini akiangalia vidole vyake. Fomu ilipomgeukia nyekundu, akanitazama. Nikamwonyesha simu yangu. Akaandika alivyoandika mwalimu wake.

Mchezo wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Muziki ulianza, sekunde zikaanza kuhesabika kurudi nyuma, na watoto wangu, ambao kwenye karatasi wanajua kusoma, wakageuka kuku walioona mahindi. Swali likauliza: yupi kati ya hawa si mnyama anayenyonyesha? Neno "si" hakuna aliyeliona. Wa kwanza kwenye picha alikuwa ng'ombe, na kumi na mmoja kati ya kumi na wanne wakambonyeza ng'ombe. Katika kijiji ambacho ng'ombe hulala ukuta mmoja na jiko, watoto wangu walishuhudia mbele ya mtandao mzima kwamba ng'ombe hanyonyeshi. Niliizima simu kabla haijatuambia zaidi.

Usiku sikulala vizuri, ila asubuhi nikaja na sheria. Swali likitokea, mikono yote kichwani. Unalisoma moja, unalisoma mbili, hadi kwenye alama ya kuuliza, ndipo mkono mmoja, mmoja tu, unashuka. Galih akanionya kwamba mchezo hutoa alama nyingi kwa anayejibu haraka. Nikamwuliza unatoa ngapi kwa anayekosea haraka. Akafikiri, akasema sifuri. Tukaelewana.

Wiki sita tulicheza hivyo. Kina mama waliokuwa wakipita na kuni walidhani darasa zima limeadhibiwa, na mmoja aliingia kumwombea msamaha mwanawe. Pak Hendarto alichungulia dirishani, akaona watoto wameweka mikono kichwani mbele ya simu zinazopiga muziki wa harusi, akaenda zake. Lakini alama zilipanda. Poniyem ndiye aliyenishangaza zaidi, kwani alikuwa akiucheza mchezo kana kwamba amekaa peke yake nyumbani. Alitumia simu ya babu yake, dalali wa mbuzi, yenye kioo kilichopasuka juu ya jibu la tatu, hivyo jibu la tatu alikuwa analisoma kwa kuikunja shingo.

Siku ya shindano ilikuwa Jumamosi. Mtandao wa Watubolong hupatikana sehemu moja tu, kwenye tangi la maji nyuma ya vyoo, kwa hiyo tukatandika mikeka kulizunguka. Pak Hendarto alikwenda makao ya tarafa, ambako wakuu wa shule wote kumi na wanane wangeketi ukumbini kutazama majina kwenye skrini kubwa. Saa tatu kamili muziki ukalia. Mikono kumi na minne, ishirini na minane nikitaka kuwa sahihi, ikapanda vichwani. Mimi nilisimama nyuma yao nimeshika uzi wa tasbihi na Galih amenishika mkono wa nguo, sijui nani alikuwa anamtuliza nani.

Swali la kumi na nne, kati ya maswali ishirini, simu ya Poniyem ikaita. Mteja. Nikaliona darasa la sita linakwenda. Yule mtoto hakushtuka hata kidogo.

"Mbuzi yupo, Baba Mkubwa," akasema. "Dume. Piga baada ya dakika mbili." Akakata, akarudisha mkono kichwani, akasoma swali mara mbili, akajibu.

Mwisho wa mchezo kila simu ilimwonyesha mtoto nafasi yake. Rafandra Keanu Wibawa alikuwa wa arobaini na moja, akatutangazia kama ushindi. Poniyem akaninyooshea simu yake. Nilifuta miwani kwa kanga, nikasoma, nikafuta tena. Nafasi ya 1. Kati ya watoto mia tatu na kumi na mbili. Galih alipiga kelele hadi mwenye duka akaja kuona nani kaanguka tangini. Nikawanunulia wote barafu ya nazi, nikala yangu na nusu ya Galih.

Saa sita Pak Hendarto akarudi, uso umeshuka. Akanikuta nimekaa ofisini kwake, kwenye kile kile kiti, natabasamu. Akaanza kuniomba radhi elfu moja.

Akasema hakuna mtoto wetu katika tatu bora. Wa pili ni mtoto wa shule ya mjini, wa tatu vilevile. Na wa kwanza je, nikamwuliza. Akakuna kichwa. Akasema jambo hilo lilikuwa fedheha kwa tarafa nzima. Skrini ya ukumbini huonyesha majina ya mwisho peke yake, na Pak Subagyo, ofisa elimu, alisimama na kipaza sauti akasoma mbele ya wote: Nafasi ya kwanza, Hakuna. Mwalimu, Hakuna. Akaisoma tena pole pole. Kisha akavua miwani, akawahutubia wakuu wa shule dakika ishirini. Watoto mia tatu, alisema, na mashine yenyewe, isiyojua kupendelea, imeona hakuna anayestahili nafasi ya kwanza. Na mwalimu, mashine imesema, hakuna. Tuna majengo, tuna mishahara, lakini walimu, hakuna. Wakuu wa shule wakainamisha vichwa. Wawili waliandika kwenye madaftari yao.

"Na wewe ulifanya nini, Pak?" nikamwuliza.

"Nilipiga makofi, Bu. Ilikuwa hotuba nzuri."

Kicheko kilinianza, nikakizuia, kwa sababu nilikumbuka kwamba darasa langu bado lilikuwa hatarini. Nikamwambia, "Hakuna ni mimi. Na aliyeshinda ni Poniyem." Akaniangalia kwa huruma kama mtu anayemtazama mzee wake aliyeanza kupotea njia ya kisimani. Ilibidi Galih aingie na kulieleza jambo lote tangu ile fomu nyekundu. Pak Hendarto akasema kwa sauti ndogo kwamba ripoti imeshapelekwa wilayani, na kwamba yeye hawezi kumwambia Pak Subagyo kuwa hotuba ile nzima aliijenga juu ya jina la mtu. Ahadi yetu ilisema tatu bora kwenye karatasi ya tarafa. Bila karatasi hiyo, mwezi wa saba ni mwezi wa saba.

Jumatatu nikapanda tarafani nyuma ya pikipiki ya babu yake Poniyem, mtoto katikati yetu, cheti chake cha kuzaliwa kifuani mwangu. Pak Subagyo alitupokea vizuri, akaagiza chai. Nikaweka mezani cheti, kitambulisho changu, na simu yenye kioo kilichopasuka. Akavisoma vyote. Nikaona damu inampanda shingoni, nikajua ameelewa, nikajua pia kwamba hawezi kuelewa kwa sauti.

Akasema kosa ni langu, kwamba mtu makini hujaza fomu vizuri. Nikatazama kibao mezani kwake: Subagyo, kisha herufi za shahada mbili. Jina moja, kama langu.

"Wewe mwenyewe Pak, sehemu ya jina la mwisho ulijaza nini?"

Akakohoa. "Shahada zangu."

"Kumbe."

"Na wewe unayo shahada, Bu. Ungeiandika."

"Ningeiandika. Na Poniyem je, aandike Darasa la Sita?"

Babu akacheka ndani ya kikombe chake cha chai. Nikaona sasa hivi ofisa ataona haya, na mtu wa kwetu akiona haya mbele ya wageni, mlango unafungwa miaka kumi. Nikaanza kurudi nyuma taratibu. Nikasema kila mtu ameisifu hotuba yake, kwamba kuwaamsha walimu si kazi ndogo, na kwamba labda ofisi yake ingependa kumpima mtoto yenyewe, ili isemekane uchunguzi umefanywa. Neno uchunguzi lilimpendeza. Akafungua kompyuta, akamgeuzia Poniyem, akachagua maswali kumi ambayo shindano halikuyatumia.

Mikono kichwani. Pak Subagyo alidhani ameogopa, akamwambia ashushe mikono, hapigwi mtu hapa. Poniyem akamwambia kwa adabu kwamba bado hajamaliza kusoma. La kwanza akapata. La pili akapata. Kufika la saba Pak Subagyo alikuwa amesogeza kiti, naye analisoma kila swali kwa midomo, na la tisa nilimwona, Mungu ni shahidi yangu, amepandisha mkono wake mmoja kichwani bila kujijua. Kumi kwa kumi.

"Mtoto hodari," akasema. "Jina lako nani?"

"Poniyem." Safari hii alimtazama usoni.

"Na hii ya mikono, Poniyem, nani kakufundisha?"

Nikajiweka sawa kitini, nikapanga uso wa unyenyekevu.

"Bu Lastri," akasema yule mtoto. "Darasa la kwanza. Alituambia herufi hukimbia ukizishika kabla ya kuzisoma. Bu Sutinah alitukumbusha."

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake, alikuwa anajibu swali kwa ukweli kama nilivyomfundisha. Nilitaka ardhi inimeze na chai yangu. Miaka ishirini na minne nimepita mbele ya mlango wa darasa la kwanza nikiona watoto wadogo mikono kichwani, na kila mara nilijiambia maskini Lastri, kazi yake ni kuadhibu tu. Na usiku ule niliokosa usingizi, niliyoiona kuwa akili yangu ilikuwa kumbukumbu ya mlango wake.

Barua ilikuja baada ya siku nne, na muhuri wa zambarau. Ilisema kwamba kufuatia uchunguzi wa kina uliofanywa na ofisi, mshindi wa kwanza amepatikana, naye ni Poniyem wa Watubolong, chini ya uongozi wa mwalimu Sutinah. Pak Hendarto aliisoma kwenye gwaride la bendera, akanipa mkono mbele ya shule nzima, akasema darasa la sita litabaki mahali pake. Nililia. Nikasingizia vumbi la chokaa, lakini nililia kwa furaha na kwa aibu, na siwezi kusema ipi ilikuwa nyingi.

Sikuomba kupelekwa darasa la kwanza. Mimi si malaika. Ila wakati wa mapumziko niliichukua ile barua kabla haijatiwa fremu, nikaenda mlango ule. Bu Lastri alikuwa amepiga magoti akimfunga mtoto kamba ya kiatu. Akaifuta mikono, akaisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi kwenye muhuri, kisha akaisoma tena. Akanipa hongera. Akaniuliza kwa nini nimemletea yeye, maana hajaona panapomhusu.

"Ndiyo maana nimekuja," nikasema.

Nikaomba kalamu kwenye meza yake, nikaiweka barua juu ya dawati dogo, nikaandika baada ya jina langu: *na mwalimu Lastri, aliyeanza*. Wino ulipita juu ya muhuri. Bu Lastri akauziba mdomo kwa mikono yote miwili, na watoto wake, walipoona hivyo, wakadhani ni mchezo mpya wakaiga.

Pak Hendarto alipoiona alikosa pumzi. Akasema nimeharibu waraka wa serikali, na kwamba kwa kosa kama hilo mtu anaweza kunyang'anywa darasa lake. Nikamwambia alichukue. Akaenda kutafuta fremu.